Historia ya Mbwa Kando ya Baiskeli

Mtu na mbwa wameishi pamoja kwa maelfu ya miaka, lakini miguu yao haijapata kupatana. Mtu mzima mwenye afya, akitembea bila ya haraka, huenda yapata kilomita 5 kwa saa. Mbwa wa kimo cha kadiri, akiachiwa achague mwendo wake mwenyewe katika safari ndefu, hatembei wala hatimui mbio. Huenda mwendo wa katikati, ule ambao kwa punda na farasi huitwa matiti: mguu wa mbele wa upande mmoja huondoka pamoja na mguu wa nyuma wa upande wa pili, na mwili hupita juu yao bila kuyumba. Kwa mwendo huo mbwa aliyezoea aweza kwenda kilomita 12 mpaka 15 kwa saa, na kudumu nao kwa muda mrefu. Kwa hiyo kila atembeaye na mbwa ukandani humtia taabuni mmoja wao: ama mbwa ajizuie, ama mtu akimbie. Mbwa mzee hustahimili. Mbwa kijana, aliyeshiba na kufungiwa nyumbani tangu asubuhi, hastahimili. Huvuta ukanda, huzunguka miguu ya bwana wake, hutafuna viatu na miguu ya viti, na mwisho huitwa mbwa mbaya.

Makusudi ya insha hii ni kueleza jinsi tofauti hiyo ya mwendo ilivyozibwa, kwanza kwa farasi na baadaye kwa baiskeli, katika nchi za Ulaya ambako jambo lenyewe lilizaliwa. Yamkini msomaji wa pwani atauliza habari hii yamhusu nini. Katika madhehebu ya Shafi mbwa huhesabiwa najisi, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Kwa sababu hiyo watu wetu wengi wamemweka mbwa nje ya mlango wala hawakumkaribisha ndani. Walakini mafundisho hayo hayo hayakumdharau mbwa mwenye kazi. Aya ya 4 ya Sura ya Al-Maida yahalalisha mawindo yaliyokamatwa na wanyama waliofunzwa, na Waarabu wa jangwani wamefuga saluki kwa ajili ya uwindaji huo kwa karne nyingi. Neno la kutiwa maanani hapo ni kufunzwa. Mbwa mwenye kazi na mbwa asiye na kazi hawajapata kuhesabiwa sawa, huku kwetu wala kwingineko, na habari inayofuata ni habari ya mbwa aliyenyang'anywa kazi na badala yake akapewa gurudumu.

Kabla ya baiskeli, aliyetaka kumwendesha mbwa kwa mwendo wa mbwa alihitaji farasi, na mwenye farasi alihitaji mali. Katika Uingereza ya karne ya 18 na ya 19 walikuwako mbwa weupe wenye madoa meusi, wajulikanao kwa jina la Dalmatia, waliofugwa makusudi ili wafuatane na magari ya farasi. Mbwa hao walilala mabandani pamoja na farasi, wakazoeana nao, na gari lilipotoka walikimbia kando ya magurudumu au chini ya mhimili, karibu kabisa na kwato. Kazi yao ilikuwa kulinda farasi na mizigo, lakini si siri kwamba walikuwa pia pambo la tajiri aliyependa kutazamwa. Mbwa wa namna hii hakufundishwa sana. Mwaka 1940 wataalamu wawili wa Marekani, Clyde Keeler na Harry Trimble, walichapisha uchunguzi wao juu ya mahali ambapo kila mbwa hupapenda anapofuata gari: wengine hupenda kukaa karibu sana na visigino vya farasi, wengine hubaki nyuma. Waliona kuwa upendeleo huo una dalili za kurithiwa, mzazi akimwachia mtoto kama amwachiavyo rangi. Kwa maneno mengine, vizazi vya kukimbia kando ya gurudumu vilikuwa vimekwisha kuingia katika damu ya mnyama kabla baiskeli haijaenea.

Maskini naye alikuwa na mbwa na gurudumu, ila mambo yalipinduka. Mbwa wa tajiri alikimbia kando ya gari. Mbwa wa maskini alilivuta. Wauza maziwa, wauza mboga na wauza samaki waliwafunga mbwa kwenye vigari vidogo, kwa sababu mbwa hula makombo na farasi hula shayiri. Katika mji wa London desturi hiyo ilikatazwa kwa sheria ya mwaka 1839, na sheria ya mwaka 1854 ikaikataza katika Uingereza nzima. Katika Ubelgiji iliendelea hata karne ya 20, na vita vya 1914 vilipoanza mbwa wa Ubelgiji walionekana barabarani wakivuta bunduki za mtombo. Wabunge wa Uingereza waliopinga vigari vya mbwa walisema habari ya huruma, na bila shaka wengi wao walisema kweli. Lakini hapakuwa na sheria iliyomgusa mbwa aliyekimbia maili nyingi chini ya gari la bwana mkubwa. Nataja jambo hili kwa sababu swali lililomo ndani yake, yaani ni wakati gani mbio za mbwa ni mazoezi na ni wakati gani ni utumwa, litaturudia mbele.

Tuje sasa kwenye baiskeli. Tarehe 12 Juni 1817 Karl Drais, mtumishi wa serikali ya Baden aliyekuwa na akili ya kuvumbua vitu, alitoka mjini Mannheim amekalia mti wenye magurudumu mawili, akiusukuma kwa kupiga ardhi kwa miguu yake. Alikwenda akarudi, karibu kilomita 13 au 14, katika muda usiotimia saa moja. Wako wanahistoria wasemao kuwa chombo chake kilitokana na njaa ya mwaka 1816, mwaka ambao Ulaya ilikosa kiangazi baada ya mlima Tambora kulipuka mwaka 1815, shayiri ikaadimika na farasi wakafa. Wengine hawakubali, wakisema kuwa ushahidi ni mchache. Iwe iwavyo, mwendo wa siku ile unastahili kukumbukwa. Kilomita 13 kwa saa si mwendo wa mtu atembeaye, wala si mwendo wa farasi apigaye shoti. Ni mwendo wa mbwa. Drais hakuwa akifikiri juu ya mbwa hata kidogo, lakini siku ile mtu alikwenda sawa na mbwa safari nzima kwa nguvu za miguu yake mwenyewe.

Urafiki haukufuata upesi. Uliotangulia ni uadui. Katika miaka ya 1860 mafundi wa Paris walitia pedali katika gurudumu la mbele, na miaka iliyofuata gurudumu hilo likakuzwa mpaka mpandaji akakaa juu kama mtu aliye darini. Baiskeli ya namna hiyo ilikuwa na hila moja mbaya: kitu kidogo kikizuia gurudumu, mpandaji hurushwa kichwa mbele. Mbwa wa vijijini, ambao hawajapata kuona kiumbe kiendacho mbio bila kwato na bila kelele, walikifukuza kwa silika ile ile iwafanyayo wamfukuze sungura. Kisa cha mpandaji aliyeangushwa na mbwa kikawa habari ya kila siku. Mashaka yalizidi hata ikatengenezwa silaha maalumu. Katika miaka ya 1890 Mfaransa mmoja mtengeneza bastola, Charles-François Galand, aliuza bastola ndogo ya kutia mfukoni iliyoitwa Velodog, jina lililounganisha baiskeli na mbwa, na risasi zake nyembamba zilikuwa chini ya milimita 6. Waliokuwa na huruma waliweza kununua risasi za nta, za mti, au zilizojazwa pilipili. Wazo kwamba mtu atoke nyumbani kwa matembezi ya Jumapili akiwa amebeba pilipili ya kumpiga mbwa machoni laweza kutuchekesha leo, lakini wenyewe hawakucheka. Walichokiogopa zaidi ya meno kilikuwa kichaa cha mbwa.

Kwa bahati mwaka 1885 ulileta mambo mawili yasiyojuana. Mjini Coventry, John Kemp Starley alitoa baiskeli iliyoitwa Rover, yenye magurudumu mawili yanayokaribia kulingana, mnyororo ukiendesha gurudumu la nyuma, na mpandaji akiwa karibu na ardhi hata aweza kushusha mguu wakati wowote. Mjini Paris, tarehe 6 Julai, Louis Pasteur alianza kumchanja mtoto wa miaka 9 aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa, na mtoto akapona. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1888, John Boyd Dunlop wa Belfast alitengeneza tairi la upepo ili kumpunguzia mwanawe mishtuko ya barabara. Na Dunlop huyu kwa kazi yake alikuwa mganga wa wanyama. Uingereza nayo iliamuru mbwa wafungwe vinywa na wale watokao ng'ambo wazuiliwe, hata kufika mwaka 1902 kichaa cha mbwa kilikuwa kimekwisha katika visiwa vile. Kiliingia tena mwaka 1918 pamoja na wanyama waliotoka vitani, kikamalizwa tena mwaka 1922. Kwa hiyo hofu mbili zilipungua kwa wakati mmoja: hofu ya kuangushwa na hofu ya kuumwa. Baiskeli ilikuwa imeshuka kutoka darini, na mbwa hakuwa tena mletaji wa mauti. Ndipo viumbe hawa wawili walipoweza kutazamana bila ya bastola kati yao.

Lakini kutazamana si kufanya kazi pamoja, na ili tuone jinsi mbwa alivyofika kando ya gurudumu kwa wajibu na kipimo yatupasa twende Ujerumani, tuanzie kwa kondoo.

Mashamba ya Ujerumani ya zamani hayakuwa na ua. Vipande vya ngano, vya viazi na vya majani vilipakana vikiwa wazi, na mchungaji aliruhusiwa kulisha kondoo wake kwenye kipande kilichopumzishwa au kwenye ukingo wa njia, kwa sharti kwamba wasitie mdomo katika shamba la mtu. Wigo ulikuwa mbwa. Mbwa huyo hakukimbiza kondoo huku na huko kama wafanyavyo mbwa wa milima ya Uskochi. Kazi yake ilikuwa kwenda na kurudi katika mpaka, aghalabu ndani ya mfuo uliolimwa kwa jembe, upande huu na upande ule, tangu umande mpaka jua kuchwa, kwa mwendo ule ule wa matiti. Kondoo aliyenyosha shingo kuvuka mpaka alimkuta mbwa amekwisha kufika. Mbwa aliyepiga shoti alichoka kabla ya adhuhuri na kuwatia kondoo hofu. Mbwa aliyetembea alichelewa. Wachungaji hawakuandika vitabu, bali walichagua watoto wa mbwa kwa kazi hiyo kizazi baada ya kizazi, na kwa uchaguzi huo walifanyiza mwili ambao kupumzika kwake ni kwenda.

Baadaye kondoo walitoweka. Sufu ya Australia ilifika Ulaya kwa bei ambayo mkulima wa Kijerumani hakuweza kushindana nayo, malisho ya pamoja yakagawanywa, na ardhi ikapandwa viazi na mizizi ya kufanyia sukari. Mwaka 1873 dola ya Ujerumani ilikuwa na kondoo yapata milioni 25. Karibu na vita vya 1914 walikuwa wamesalia milioni 5 na ushei. Hesabu hizo huandikwa katika vitabu vya uchumi kama habari ya sufu. Lakini kila kundi lililouzwa liliacha nyuma yake mbwa mmoja au wawili wenye miguu ya kwenda kutwa na wasio na mfuo wa kwendea.

Hapo anaingia Max von Stephanitz, aliyezaliwa mwaka 1864, akawa kapteni wa askari wa farasi. Tarehe 3 Aprili 1899, katika maonyesho ya mbwa mjini Karlsruhe, alimwona mbwa wa kuchunga aliyeitwa Hektor Linksrhein, akamnunua papo hapo, akambadili jina akamwita Horand von Grafrath, na tarehe 22 ya mwezi huo huo akashiriki kuanzisha chama cha mbwa wachungaji wa Kijerumani. Horand akaandikwa wa kwanza katika daftari la nasaba. Stephanitz hakumtaka mbwa wa kupambia sebule. Kwake yeye uzuri wa mbwa ulikuwa katika manufaa yake, na alirudia sana kusema habari ya mwendo wa matiti, maana mtu aliyeishi juu ya farasi hujua thamani ya mwendo usiopoteza nguvu. Sina budi kuongeza kuwa aliandika pia juu ya damu na uzazi kwa majivuno ya taifa ambayo msomaji wa leo hawezi kuyapokea, na ambayo wakati wake uliyasikiliza kwa furaha mno. Alikufa tarehe 22 Aprili 1936, siku ile ile chama kilipotimiza miaka 37.

Alichokiona vizuri kuliko wengine ni kwamba mbwa aliyepoteza kazi hubaki na tabia za kazi. Akatafuta kazi nyingine. Mwaka huo wa 1899, katika mji wa Ghent nchini Ubelgiji, kamishna wa polisi Ernest van Wesemael alikuwa ameanza kuwatumia mbwa katika doria za usiku, na Wajerumani wakaifuata njia hiyo. Katika vita vya 1914 hadi 1918 mbwa walibeba habari na kutafuta majeruhi. Mwaka 1916 mjini Oldenburg ikafunguliwa shule ya kuwafunza mbwa kuwaongoza askari waliopofuka. Hizo zote zilikuwa kazi za heshima. Lakini polisi wangehitaji mbwa wangapi, na vipofu wangehitaji wangapi? Mbwa walio wengi waliishi mijini na kwa watu wa kawaida: makarani, mafundi, wafanyakazi wa viwandani. Watu hao hawakuwa na kondoo, hawakuwa na farasi. Walichokuwa nacho, kadiri karne ya 20 ilivyoendelea na bei kushuka, kilikuwa baiskeli ya kwendea kazini.

Ni hapo, kwa maoni yangu, ndipo ilipo sababu ya kweli ya desturi hii. Watu husema kuwa mbwa hukimbia kando ya baiskeli kwa sababu apenda kukimbia. Hiyo ni nusu ya sababu. Mbwa wengi hupenda kukimbia bila kumfuata mtu yeyote. Mbwa huyu alifanyizwa aende mwendo mmoja, katika mstari mmoja, kandokando ya kitu ambacho asikivuke na asikiache, na bwana wake akiwa karibu. Ukingo wa gurudumu ulifanana na mfuo kuliko kitu chochote kilichopatikana mjini.

Chama kilichoanzishwa mwaka 1899 kiliyaweka mambo hayo katika kipimo, na kipimo hicho kingalipo. Ni mtihani wa ustahimilivu, nao huwa hivi. Mbwa afungwe ukanda usiokazwa, akae upande wa kulia wa baiskeli, aende kilomita 20 kwa mwendo wa 12 mpaka 15 kwa saa. Akimaliza kilomita 8 hupumzishwa dakika 15. Huendelea kilomita 7, akapumzishwa dakika 20. Kisha humaliza kilomita 5 zilizosalia. Katika kila kituo mwamuzi humtazama kama amechoka kupita kiasi na kama nyayo zimechubuka. Kuvuta mbele kidogo husamehewa. Kuburutwa nyuma hakusamehewi. Hakuna alama wala mshindi. Mbwa hufaulu au hushindwa, na anayefika mapema hapati kitu zaidi ya anayefika kwa wakati.

Masharti mawili ya mtihani huo yaonyesha kuwa waliouandika walikuwa wamekwisha kuona maovu ya kukosekana kwake. La kwanza ni joto: mtihani haufanywi joto likizidi digrii 22. Mtu hutoa jasho mwili mzima, na mwenda baiskeli hupepewa na mwendo wake mwenyewe. Mbwa hana jasho la kutosha ila kidogo katika nyayo. Hupoza damu yake kwa kutweta, na akiwa mbioni pumzi ile ile yatakiwa ifanye kazi mbili. Anayepanda baiskeli huona hewa ni nzuri wakati mbwa aliye chini, karibu na barabara iliyochomwa na jua, anaanza kupikika. Miji kama Mombasa na Dar es Salaam haina siku nyingi za digrii 22 kwa mwaka. Mtu wa huko atakaye kuiga desturi hii ajue kuwa anaiga kitu kilichopimwa kwa hewa nyingine, na pengine saa zake za halali ni zile za kabla ya mapambazuko tu.

Sharti la pili ni umri, nalo lamhusu hasa mbwa kijana. Mbwa hakubaliwi mtihanini kabla hajatimiza miezi 16. Katika ncha za mifupa mirefu ya mnyama achipukaye mna tabaka laini ya gegedu, na mfupa hukua hapo. Tabaka hiyo hugeuka mfupa mgumu kwa mbwa wadogo kabla ya mwaka, na kwa mbwa wakubwa hata mwaka na nusu. Mapigo ya barabara ngumu, yakirudiwa maelfu kwa maelfu siku baada ya siku, yaweza kuiumiza tabaka hiyo na kuacha kilema ambacho hakitaonekana mpaka ukubwani. Hapo ndipo shida ilipo, maana umri ambao mbwa humtesa zaidi bwana wake ni huo huo ambao mifupa yake haijawa tayari. Akiwa na miezi 8 ana mwili wa mtu mzima machoni, ana nguvu za kuangusha meza, na mwenye nyumba aliyechoka huitazama baiskeli iliyoegemezwa ukutani kama mtu aonaye dawa. Wenye busara humchukua mwanambwa kando ya baiskeli inayosukumwa kwa mkono, wakamwendesha hatua chache, ili ajue gurudumu ni nini na upande wake ni upi. Kilomita huja baadaye.

Turudi sasa kwenye swali la vigari vya London. Je, mbwa huyu anacheza au anatumikishwa? Jibu la kwamba mbwa mwenyewe hufurahi halinitoshelezi. Mbwa aliyefunzwa vyema atamfuata bwana wake mpaka aanguke, na furaha yake ya mwanzo si hati ya ridhaa kwa kilomita ya 20. Ukitazama historia utaona kuwa namna za zamani zilikuwa na kizuizi ndani yake ambacho baiskeli haina. Aliyetembea na mbwa kwa miguu alichoka yeye kwanza. Mchungaji alikwenda polepole na kundi, na mbwa alisimama kondoo waliposimama. Hata mbwa wa gari la tajiri alilindwa na farasi, maana farasi ni ghali, na mwendeshaji alipaswa kuwapumzisha na kuwanywesha; mbwa alipata maji kwa heshima ya farasi. Baiskeli peke yake ndiyo iliyomweka mtu mahali ambapo uchovu wa mnyama haumfikii. Mteremkoni huacha kukanyaga kabisa, naye mbwa hawezi kuacha. Upepo ukiwa nyuma yake hana habari ya mwendo. Chuma hakitweti, hakitoki povu, wala hakisimami mlimani kukataa. Kwa sababu hiyo mtihani wa Wajerumani ulilazimika kuandika kwa tarakimu, dakika 15, dakika 20, digrii 22, mambo ambayo farasi aliyasema bila ya karatasi.

Iko namna nyingine iliyokuja nyuma kutoka katika nchi za theluji. Watu wa Kaskazini wenye mbwa wa kuvuta sileji, wakikosa theluji wakati wa kiangazi, huwafunga mbele ya baiskeli kwa ukanda wa kifuani, na mbwa huvuta huku mpandaji akisaidia kukanyaga. Mtu asiyeyajua mambo haya hudhani kuwa namna hii ni ya kikatili zaidi, kwa kuwa ina mzigo. Mimi naona kinyume, kwa sababu moja: aliye mbele ndiye apangaye mwendo. Akipunguza, kamba hulegea, na mpandaji hujua mara moja. Mbwa wa kando hana kamba ya kusemea. Ukanda wake hukaza akibaki nyuma, na kukaza kwenyewe humvuta.

Sheria nazo zina kumbukumbu zake. Kanuni za barabara za Ujerumani, katika kifungu cha 28, zakataza kumwongoza mnyama yeyote kutoka ndani ya gari la mtambo. Kuhusu baiskeli zasema kuwa mbwa peke yake ndiye awezaye kuongozwa kutoka juu yake. Farasi haruhusiwi, mbuzi haruhusiwi, wala kondoo.